Usinifungie Ukurasa Wangu

Zuhra binti Isihaka alikuwa anaweza kubonyeza jina la mteja, akatoka nje kutia udhu, akaswali, akakunja mswala, akarudi mezani, na ukurasa bado haujafunguka. Kiduara kiko palepale katikati ya kioo, kinazunguka kwa raha zake. Zuhra alikichukia kiduara kile kuliko alivyopata kumchukia binadamu yeyote, na Kasulu kuna binadamu ambao wangestahili zaidi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Baba yake, Mzee Isihaka, alikuwa na kenta mbili zinazobeba mizigo ya watu kati ya Kahama, Kibondo na Kasulu. Zamani mteja akija kuuliza mzigo wake umefika wapi, karani wa Kasulu, Felisiani, alimpigia simu dereva. Dereva hana mtandao, basi mteja anaambiwa arudi kesho. Kesho dereva ana mtandao lakini hakumbuki mzigo wenyewe, anakumbuka kuna kitu kinanuka kama samaki. Zuhra aliporudi kutoka chuoni Dar es Salaam alimwomba baba yake ruhusa, akatengeneza mfumo wa mtandaoni. Kila mzigo ukapewa ukurasa wake. Wakala wa kila mji anaandika mzigo ulipo, na yeyote mwenye kompyuta au simu nzuri anauona. Sehemu aliyojivunia kuliko zote ni kwamba ukurasa ulikuwa unajiuliza wenyewe habari mpya kila baada ya muda mfupi, hata mteja asibonyeze kitu. Alilala na furaha kwa wiki nzima siku alipoliweza hilo.

Miezi ya kwanza ilikuwa mitamu. Wafanyabiashara walikuja ofisini kutazama tu, wakanywa chai ya bure. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2013, mvua zikiwa zimeshika, mfumo ukaanza kuchechemea, ukatambaa, mwisho ukalala kabisa. Wateja wakarudi kumwomba Felisiani apige simu.

Mzee Isihaka alivumilia kwa kadiri yake. Asubuhi moja, ofisini, alisema, macho yakiwa ndani ya kikombe cha chai, "Shangazi yako Mwanahawa anakuja kutoka Tanga. Alhamisi atakuwa hapa. Ana duka lake la vitambaa, na hana mtu wa kukaa naye. Kama akifika na hicho kidude bado kinazunguka, nakizima. Tunarudi kwenye simu. Na wewe utaondoka naye."

"Baba!"

"Nimeshasema naye."

Zuhra hakuitaka Tanga. Shangazi alimpenda, duka lilikuwa zuri, bahari ipo. Lakini huko angekuwa mtu wa kupima mita za kitambaa cha wengine mpaka aolewe, na hiki kitu alichokijenga hapa kwa mikono yake kingekufa kwa aibu, na watu wangesema tulijua. Alitaka kulia, akaona Felisiani anamtazama, akajizuia.

Felisiani alikuwa na dawa yake. Yeye aliamini kila tatizo la kompyuta ni tatizo la modemu, na kila tatizo la modemu ni tatizo la mahali ilipowekwa. Alikuwa ameitia ndani ya sufuria, akaining'iniza sufuria dirishani kwa kamba ya katani, mdomo ukielekea kwenye mnara wa simu. "Sufuria inakusanya mtandao, dada Zuhra," alisema. Kila kiduara kilipozunguka sana, alikwenda kuigeuza sufuria kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayegeuza chapati. Upepo ukivuma, ofisi nzima ilinyamaza kusikiliza kama kamba itakatika.

Zuhra hakugombana naye. Alifundishwa kwamba kitu kikienda polepole usianze kubahatisha dawa. Kwanza ujue muda unapotelea wapi. Ombi linatoka Kasulu, linasafiri mtandaoni hadi kwenye seva waliyokodi ughaibuni. Seva inakwenda kuiuliza hifadhidata, ambako habari zote za mizigo zimewekwa. Hifadhidata inajibu, na jibu linarudi lilikotoka. Basi akaipima safari kituo kwa kituo, kama mtu anayemchunguza dereva anayechelewa kila siku. Akakuta njia ni nyeupe. Ombi linafika upesi, na jibu likishatoka linarudi upesi. Muda wote unaliwa palepale kwenye hifadhidata.

"Si modemu," alimwambia Felisiani.

"Sawa, dada," alijibu Felisiani, na akaigeuza sufuria kidogo.

Jumapili, Felisiani akiwa kanisani na ofisi imetulia, Zuhra aliifungua hifadhidata na kuitazama inavyofanya kazi, na akashika kichwa. Kila ilipoulizwa habari za mzigo mmoja, ilikuwa inaanza kusoma tangu mzigo wa kwanza kabisa, katoni ya sabuni ya mwaka jana ambayo mwenyewe alishaifulia nguo zikachakaa, inashuka nayo mmoja mmoja hadi inapoukuta unaotakiwa. Hakuwa ameiwekea faharisi, ile orodha ya kuielekeza moja kwa moja mahali mzigo ulipoandikwa. Lilikuwa kosa la kitoto, naye alilirekebisha huku akijitukana kwa sauti ndogo. Kisha akabonyeza jina la mteja.

Ukurasa ukafunguka kabla hajaondoa kidole.

Alimwita baba yake. Mzee Isihaka alikuwa anajifunza kutumia kibodi, kwa kidole kimoja, anabonyeza polepole kama anapima parachichi kama limeiva. Alibonyeza jina moja, likafunguka. Akabonyeza jingine. Akacheka kicheko ambacho Zuhra hakuwa amekisikia tangu mvua zianze. "Kesho baada ya adhuhuri," alisema, "nawaleta wale wazee wa sokoni. Waliokuwa wanasema."

Wazee wa sokoni walikuja kweli, wamevaa kanzu safi. Wakakaa. Wakamiminiwa chai. Mzee Isihaka akasimama mbele ya kompyuta, akapima parachichi lake mara moja, akarudi nyuma kuwapa nafasi waone.

Kiduara kikaanza kuzunguka.

Chai ya kwanza ikaisha. Ikamiminwa ya pili. Mzee mmoja, mtu mwema, akauliza kama mashine nazo zina siku zao za kupumzika, maana jana anasikia ilikimbia. Mwingine akasema labda imeona haya kwa wageni. Felisiani aliigeuza sufuria hadi ikatazama Burundi. Wazee waliondoka wakishukuru kwa chai, na kushukuru huko kuliuma kuliko matusi. Mzee Isihaka aliwasindikiza hadi mlangoni. Alibaki amesimama anamtazama binti yake namna ambayo Zuhra aliisoma kuwa ni hasira.

Akarudi kwenye kupima, safari hii akiwa na hasira zake mwenyewe. Faharisi ilikuwa inafanya kazi. Kila swali sasa lilijibiwa upesi. Tatizo lilikuwa wingi wa maswali. Hifadhidata ilikuwa inaulizwa, inaulizwa, inaulizwa, hata haipati nafasi ya kuhema. Akatazama maswali yanatoka wapi. Kasulu yalikuwa machache. Kahama machache. Karibu yote yalitoka Kibondo.

"Baba," alisema, "tunashambuliwa. Kuna mtu Kibondo anatushambulia mtandaoni."

"Nani wa Kibondo atushambulie?" Mzee Isihaka alifikiri, akataja majina ya watu kadhaa ambao wangependa sana kumshambulia, kisha akawaondoa mmoja mmoja kwa sababu hawajui hata kuwasha redio.

Zuhra akampigia wakala wao wa Kibondo, Stanislaus. Stanislaus alikuwa Muha mwenye adabu zake zote, mtu ambaye huwezi kumuuliza jambo kabla hajakuuliza ulivyoamka, walivyoamka wa nyumbani, mvua ilivyoamka, na mashamba yalivyoamka. Zuhra alijibu yote huku anakunja vidole vya miguu.

"Mwakeye, dada, mwakeye," alimaliza kwa salamu ya Kiha. "Basi tunashukuru."

"Stanislaus, hapo ofisini kuna watu wangapi?"

"Watu? Ni kidogo tu, dada. Wamekaa."

"Wamekaa wanafanya nini?"

"Wanasubiri."

"Na kompyuta?"

"Nayo iko. Nayo inasubiri."

"Hakuna kitu kigeni umekiona? Hakuna mtu usiyemjua ameigusa?"

"Hapana, dada. Huku ni amani kabisa. Sijafunga hata kitu kimoja."

Neno hilo la mwisho lilimpita Zuhra sikioni kama nzi. Alishaamua kwenda mwenyewe.

Asubuhi ya Jumatano alipanda kenta iliyokuwa inakwenda Kibondo. Mzee Isihaka alimletea mwavuli. Akamuuliza kama simu imejaa chaji. Akamkumbusha kwamba shangazi ni kesho, na akamuuliza tena habari za chaji. "Ukipita Makere piga simu," alisema. Zuhra alisema ndiyo, na walipopita Makere alikuwa amezama kwenye mawazo ya wezi wa mtandao hata hakukumbuka.

Ofisi ya Kibondo ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Zuhra alisimama mlangoni. Kompyuta ilikuwa imegeuzwa, mgongo kwa karani, uso kwa wateja. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma. Mbele yake kulikuwa na benchi, na kwenye benchi watu wamebanana, wametulia, wanatazama kioo. Mama mmoja alikuwa anamenya karanga. Mtu mwingine alikuwa amekuja na kiti chake kutoka nyumbani.

Stanislaus alimpokea kwa mikono yote miwili, akapiga makofi ya salamu, akainama, na salamu zikaanza upya kana kwamba zile za kwenye simu hazikuhesabika. Zilipokwisha Zuhra alipenya, akasogelea kioo. Sehemu ya juu, pale ambapo kurasa zilizofunguliwa hujipanga, zilikuwa zimesongamana kama meno ya kitana. Hata jina moja halikusomeka. Na kila mmoja ulikuwa unafanya kile alichoufundisha yeye Zuhra kwa mikono yake: unaiuliza hifadhidata habari mpya kila baada ya muda mfupi, bila kuchoka.

Hapakuwa na mwizi wa mtandao. Palikuwa na benchi.

"Stanislaus," alisema taratibu, "hizi kurasa zote kwa nini ziko wazi?"

"Za wateja, dada."

"Mteja akishaona habari zake, si unafunga?"

Benchi lote lilimgeukia. Yule mama wa karanga akaacha kumenya.

"Nifunge?" Stanislaus aliuliza, kama mtu aliyeambiwa ampige mgeni kofi. "Dada, mtu mzigo wake uko njiani, nimfungie? Nilifunga mara moja tu." Akamwonyesha mama wa karanga kwa mkono wazi. "Huyu mama Kezia. Mbegu zake zilikuwa zinatoka Kahama. Mimi nikafunga niende kula. Saa ileile kenta ikazama kwenye tope."

"Saa ileile," alisema mama Kezia. "Alifunga, ikazama. Mbegu zangu zikaota humohumo ndani ya gunia. Sasa nasubiri nyingine."

"Mama, kenta ilizama kwa sababu ya mvua."

"Mvua ilikuwepo tangu asubuhi. Kenta ilikuwa inatembea. Ilizama alipofunga."

Watu wa benchi waliguna kukubali. Zuhra alijaribu kujibu, akaona kwamba kwa hoja hiyo hata mwalimu wake wa chuo angeshika kiuno.

"Na hawa ambao mizigo yao imeshafika? Huyu hapa, alipokea mwezi uliopita."

"Ego, ndiyo, huyo alichukua. Lakini hajaja kuaga." Stanislaus alisema kwa upole, anamweleza mtoto wa mjini. "Mtu hajaaga, unamfungiaje mlango mgongoni?"

"Na umeme ukikatika? Si zote zinafungika?"

"Zinafungika. Lakini ukirudi, mashine yenyewe inaniuliza, nikurudishie kurasa zako? Inauliza vizuri tu. Ningekataaje?"

Kumbe ndiyo maana Jumapili mfumo ulikimbia: Stanislaus alikuwa kanisani, kompyuta imezimwa. Jumatatu aliwasha, akaulizwa vizuri, akajibu ndiyo, na wazee wa sokoni wakanywa chai mbili. Zuhra alikaa kwenye ukingo wa meza. Alitaka kucheka na alitaka kupiga kelele, na kwa kuwa hivyo viwili vilitaka kutoka pamoja, alitoa sauti ambayo Stanislaus aliidhania kikohozi, akamletea maji.

Hakuwa na wakati wa kubembeleza. Alhamisi ilikuwa kesho. Akashika kipanya. "Samahani jamani, mimi nazifunga."

"Nani huyo anafunga?" Sauti ilitoka mwisho wa benchi, sauti ya mtu aliyezoea kuitisha watu kutoka ng'ambo ya pili ya duka. "Wa kwangu usiuguse! Nasema usinifungie ukurasa wangu!"

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buibui, miguu juu ya mkoba wake, mkononi kikombe cha uji ambacho bila shaka Stanislaus ndiye aliyekileta.

"Shangazi?"

"Zuhra?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huufungi."

Zuhra alimkumbatia, na hapohapo akamuuliza anafanya nini Kibondo. Shangazi Mwanahawa alikuwa amebeba gunia la nazi kutoka Tanga, kwa sababu haiwezekani aende kwa kaka yake mikono mitupu, na kaka yake tangu ahamie huku milimani anakula wali mkavu kama yatima. Kufika Kahama basi limejaa, kondakta akazikataa nazi. Akazikabidhi kwa kenta ya Isihaka, akapanda basi. Hapa Kibondo akateremka kuuliza kama zimeshapita. Kijana huyu mstaarabu akamfungulia ukurasa, akamwonyesha: nazi zimetoka Kahama. Tangu jana mchana alikuwa amekaa anazitazama, na usiku alilazwa kwa mama Kezia.

"Kasulu siendi bila nazi zangu," alisema. Kisha akaligeukia benchi, akainua kikombe. "Huyu ndiye aliyekitengeneza. Mtoto wa kaka yangu huyu."

Watu wakampigia Zuhra makofi. Mama Kezia akampa karanga. Na Zuhra, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa hajasikia neno moja jema juu ya kazi yake, alisimama na karanga mkononi. Watu hawa hawakuuchukia mfumo wake. Walikuwa wanaupenda hadi wanauua.

Basi akaacha kipanya. Akatoa kompyuta yake ya mkononi, akaketi nyuma ya kaunta, akaanza kazi. Alitengeneza ukurasa mmoja tu, akauita Walio Njiani. Ndani yake kila anayesubiri mzigo wa Kibondo aliandikwa jina lake, na mahali mzigo ulipo. Ukurasa huo ungeiuliza hifadhidata mara moja moja, kwa niaba ya benchi zima, na jibu likishapatikana seva ingelishika na kuwapa wote, bila kwenda kuuliza upya kwa kila mtu. Alimwonyesha Stanislaus. Stanislaus akawaonyesha watu. Watu wakatazama.

"Umelala," alisema mama Kezia.

"Haujalala, mama. Unauliza, ila kwa nafasi."

"Ule wa zamani ulikuwa unapepesa. Ukipepesa unajua wanakwenda. Huu umekufa."

"Umekufa kabisa," aliunga mkono shangazi, bila huruma ya damu.

Zuhra alifikiri. Kisha akachora kenta ndogo ya kijani, upana wa kidole, akaiweka mbele ya kila jina ambalo mzigo wake uko njiani, na akaifanya itembee: inatoka kushoto, inakwenda kulia, inarudi kushoto, inakwenda tena. Kenta ile haikuiuliza hifadhidata kitu chochote. Ilikuwa picha tu, ingetembea hata dunia nzima ikikatika umeme mradi kompyuta hiyo inawaka.

"Lakini sikilizeni," alisema, maana hakutaka kudanganya watu, "hii ni picha. Inatembea tu. Kenta yenyewe inaweza kuwa imesimama na hii inatembea."

"Tunaelewa," alisema shangazi, macho yakiwa kwenye kenta ya nazi zake. "Iache itembee."

Ndipo wakakubali kufunga zile za zamani, lakini kila mtu afunge wake kwa mkono wake. Walipanga foleni. Stanislaus alishika kipanya pamoja na kila mmoja, akimwongoza kidole, na kwa wale ambao hawakuja kuaga aliaga yeye kwa niaba yao, kwa majina. Mama Kezia alifunga wake akiwa amefumba macho, akayafumbua, akaitafuta haraka kenta yake ya kijani kwenye ukurasa mpya. Ilikuwa inakwenda. Akapumua.

Zuhra alibonyeza jina la mteja. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Akabonyeza jingine na jingine, kama mtu anayejichuna aone kama ameamka. Akampigia Felisiani, na Felisiani akajaribu kwa simu ya mteja mmoja, akathibitisha kwamba hata Kasulu unaruka. "Nilijua tu ile kona ya sufuria ni nzuri," aliongeza.

Ilibaki kuhakikisha. Zuhra alitazama tena orodha ya maswali yanayoingia. Kibondo kumetulia. Kahama kumetulia. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja wa namna ya zamani ambao bado ulikuwa wazi mahali fulani, unauliza, unauliza, haupumziki. Ulikuwa unatoka Kasulu.

"Felisiani, nani huko ameacha ukurasa wazi?"

Felisiani alishusha sauti. "Ni mzee, dada. Tangu ulipoondoka amekalia kiti chako. Kanikataza hata kuigusa mashine. Wateja nawahudumia kwa simu."

"Anatazama mzigo gani?"

"Hataki nione."

Zuhra aliufungua mzigo huo. Ulikuwa umeandikishwa asubuhi ileile, kwa herufi kubwa tupu, maana mwandishi hakujua namna ya kuzirudisha ndogo. MTUMAJI: ISIHAKA. MZIGO: ZUHRA. KUTOKA: KASULU. KWENDA: KIBONDO. Na pale chini, mahali pa maelezo, ambapo watu huandika kwamba kuna vyombo vya udongo ndani, palikuwa na maneno mawili tu: NA KURUDI.

Shangazi Mwanahawa alikuwa anasoma juu ya bega lake. Hakuna mtu wa Tanga anayeweza kuona kitu kimeandikwa asikisome.

"Kaka huyu," alisema hatimaye. "Mimi kanipigia simu usiku, wiki iliyopita, nije nikuchukue. Anasema mashine imelala, wazee wa sokoni wanasema, yeye hawezi tena kukuona unaaibika mbele ya watu, bora ukae mbali. Nilimwambia, wewe utaweza akiondoka? Akakata simu." Akakaa. "Haya, na huu nao utaufunga?"

Zuhra alitikisa kichwa. Alikuwa analia waziwazi, na Stanislaus, kwa adabu, akaligeuza benchi lote litazame ukutani.

"Sikuchukui," alisema shangazi. "Vitambaa vyangu haviendi popote. Vinakaa dukani. Utaniwekea kigari cha kijani kwenye nini?"

Nazi ziliingia Kibondo Alhamisi asubuhi, na benchi lilisimama kuzishangilia. Kenta iliyozileta ndiyo iliyokuwa inakwenda Kasulu. Kabla hajapanda, Zuhra aliuhamishia mzigo wa baba yake kwenye ukurasa mpya, akauandikia kwamba umetoka Kibondo, unarudi Kasulu, akauwekea kenta yake ya kijani, na akamwambia Felisiani amfungulie mzee ukurasa huo. Kisha akakaa mbele, kati ya dereva na shangazi.

Walipoikaribia Makere mvua ilimwagika, na gari likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Dereva akashuka na jembe. Shangazi akashuka kuhesabu nazi. Simu ya Zuhra ikalia, na safari hii alikuwa hajasahau, alikuwa ndiyo kwanza anaitoa ampigie.

"Mko wapi?" aliuliza Mzee Isihaka.

"Tumekwama, baba. Tuko kwenye tope, hatuendi mbele wala nyuma."

Zuhra alisikia kamba ya sufuria ikilalamika kwa upepo kule ofisini Kasulu.

"Usinidanganye," alisema baba yake, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakujua kuificha. "Mimi nakuona hapa unakuja."

Zuhra aliyatazama matope yaliyoizunguka kenta pande zote.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nakuja."